Mawe Juu ya Bati la Bibi

Mimi nafurahia matetemeko ya ardhi. Najua si jambo la kusema mbele za watu, lakini kazi yangu ni udongo na miamba, na ardhi ikijisogeza yenyewe bila kuombwa, moyo unanienda mbio kama mtoto aliyesikia ngoma mtaa wa pili.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka karibu na Gulwe, kwenye handaki la reli lililokuwa likichimbwa kilimani. Nilikuwa mhandisi wa miamba: nasoma nyufa, naamua wapi zipigwe nondo na wapi linyunyizwe zege. Na bahati ilioje! Kutoka pale hadi kwa bibi mzaa mama ni mwendo wa bodaboda tu. Kila Jumapili nilikuwa kwake, nakula ugali wa uwele na mlenda mpaka nashindwa kuinuka.

Bibi, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, huniita mume wangu. Anaishi peke yake katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati. Na juu ya bati, mawe. Anayeujua upepo wa kwetu wakati wa kiangazi hatashangaa. Upepo ule hauna adabu. Unang'oa paa mchana kweupe na kulitupa shambani kwa jirani. Basi watu hupanga mawe juu ya mabati, mengine makubwa kama kichwa cha ng'ombe, kisha wanalala fofofo. Mimi ndiye nilikuwa nakosa usingizi kwa niaba yao.

"Bibi, mawe haya yatakuua," nilimwambia.

"Upepo utaniua kwanza, mume wangu. Hukuwepo siku paa lilipoondoka."

Nikamweleza kwa mfano wa ndoo. Umebeba ndoo ya maji kichwani, mtu akusukume ghafla: miguu inakwenda, ndoo inabaki nyuma, maji yanakumwagikia. Nyumba ndivyo ilivyo. Ardhi inavuta msingi, uzito wa juu bado haujapata habari, na kuta zilizo katikati ndizo zinazoumia. Pembe zinaachana, halafu paa linashuka na kila kilichowekwa juu yake. Lakini shilingi uliyoifunga kwenye pindo la kanga, hata ukisukumwa, inakwenda nawe. Handaki liko hivyo. Limekumbatiwa na mwamba pande zote, mwamba ukicheza, nalo linacheza.

Bibi alinitazama. "Kwa hiyo wewe unashinda kwenye pindo la kanga, na mkeo analala ndani ya ndoo."

Aibu gani hiyo! Jumamosi iliyofuata nilikuwa mjini, sokoni Majengo, natafuta nondo. Mimi na fundi mwashi mmoja wa pale kijijini tukafumua paa, tukamwaga lenta ya zege juu ya kuta, mkanda mmoja unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, ili kuta zote zisogee pamoja. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, tukazifunga kwenye lenta kwa waya, mabati tukayapigilia misumari ya kutosha, mawe tukayashusha. Majirani walicheka: ngojeni kiangazi. Kiangazi kikaja, upepo ukapiga kelele zake zote na ukaondoka mikono mitupu. Nilitembea pale kijijini kifua mbele!

Jambo moja tu lilinikera. Matofali yale yalikuwa yameshikizwa kwa udongo, si kwa saruji, na hilo sikuwa na la kulifanya bila kubomoa nyumba yote. Bibi hakutaka hata kulisikia.

Tetemeko lilikuja asubuhi moja tukiwa ndani ya handaki. Kwanza ngurumo, kama treni inakuja, na reli yenyewe ilikuwa haijatandikwa. Kisha sakafu ikatuteleza chini ya miguu. Mafundi wakatimua mbio kuelekea nje.

"Msitoke! Bakini humu humu!" nilipaza sauti mpaka koo likaniwasha.

Msimamizi wao alinielewa mara moja, akatanua mikono kuwazuia. Mbele yetu, mteremko ulio juu ya mdomo wa handaki ulianza kumwaga mawe. Mteremko huwa hivyo. Una mawe yaliyolegezwa na mvua miaka nenda rudi, yanasubiri kisingizio tu. Yalitua pale pale ambapo wangekuwa wamesimama. Vumbi lilipotulia niliangaza tochi darini: hata punje ya zege haikudondoka. Niliruka, nikacheka, nikamkumbatia msimamizi. Nadhani waliniona nimerukwa na akili.

Ndipo nikaikumbuka ndoo. Huku chini tumetikiswa hivi. Huko juu, ambako mtikisiko huwa mkali zaidi, nyumba ya bibi ikoje?

Nikapiga simu, haipatikani. Mawe yalipokoma kabisa nikapenya pembeni, nikadandia bodaboda. Njiani watu walikuwa wamesimama viwanjani, mawe ya mapaani yametapakaa milangoni, ukuta mmoja umelala chini. Furaha yote ilinitoka. Nilikuwa nauona udongo ule kati ya matofali, mstari kwa mstari.

Nyumba ya bibi ilikuwa imesimama, na ufa kando ya dirisha. Uani hapakuwa na mtu. Niliingia mbio, nikamkuta kwenye kigoda anachambua karanga.

"Shikamoo bibi! Umeumia?"

"Marahaba. Niumie na nini?"

"Mbona hukutoka nje kama wenzako?"

"Nitoke niende wapi? Nyumba umeitengeneza wewe."

Nikakaa chini sakafuni. Nimepiga hesabu za treni na za milima, na hakuna aliyewahi kukaa ndani ya hesabu zangu namna ile, akichambua karanga.

Ndipo ardhi ikarudia. Kidogo tu, vikombe vikagongana kabatini. Mimi, mhandisi niliyewafokea wanaume wazima wasikimbie, nilishtukia niko mlangoni, mguu mmoja nje.

"Mume wangu!" bibi aliita. "Unaniacha humu peke yangu?"

Nikarudi. Nikakaa karibu naye, mabati yakilia juu yetu, nikaushika mkono wake mpaka ardhi ilipotulia.