Siku ya Kufungua Pori

Nakumbuka asubuhi moja kule Itebero, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika na mimi sikuweza kutulia. Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa haraka, hata kivuli changu kilikuwa kinaniomba tupumzike. Baba yangu alikuwa mulimaji wa Kibabi, kwenye vilima vya Masisi. Mama yangu alitoka kule kule Itebero, porini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na Kifaransa changu kilikuwa kikali mno: nikikisema, mbuzi waliacha kula. Waliacha kwa sababu gani, hiyo tuiache.

Siku ile nilikuwa mtafsiri. Profesa mmoja mzungu wa universite alikuja kupanga mahali pa kusomea miti na wanyama, na namna ya kupachunga: nyumba ya wanafunzi ikae wapi, njia zipite wapi, nani azifyeke. Alitandika karte, ramani ya pori lile, chini, akaigandamiza kwa mawe. Mbele yake alikaa mujomba wangu, mkubwa wa pori lile, pamoja na wazee wenzake.

Profesa akasema pori litafungwa, kutoka mlimani mpaka kijito. Nikatafsiri hivyo hivyo: litafungwa. Wazee wakakubali papo hapo, wakacheka, mmoja akaenda kukata majani. Profesa naye akafurahi, akaanza kukunja karte yake.

Mimi nikalirudia neno lile kichwani: litafungwa. Kwa wajomba zangu, kufunga pori ni desturi. Mkubwa anapiga fundo la majani njiani, watu wanaacha kuwinda mpaka wanyama warudi, kisha yeye mwenyewe anakuja kulifungua. Huyu mzungu hakutaja kufungua. Na kijito kile, mwanangu, ndicho mama na wanawake wenzake walikuwa wanakiziba wakati wa jua, miezi ya kiangazi, wakimwaga maji ili washike samaki. Kikifungwa kabisa, nyumba yetu ingekula sombe tupu, majani ya mihogo bila samaki, mpaka meno yageuke kijani.

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Mujomba akaniangalia.

"We mutoto wa Kibabi, iko siafu mu suruali yako?"

"Mujomba, hii pori utaifungula siku gani?"

"Nyama wakirudia, njo nitafungula. Mbona unauliza kitu unajua?"

Nikamgeukia profesa, nikamwuliza swali lile lile. Akashangaa. Halitafunguliwa, akasema, kazi yake haiwezekani vingine.

Nilipotafsiri, kicheko kikakatika. Mzee wa majani akayaweka chini polepole. Mujomba hakupandisha sauti.

"Umuambie: muntu mwenye kufunga bila kufungula, ule anazika. Na sisi hatukukuja hapa kwa kilio."

Profesa alinikasirikia kwanza. Aliniambia nililetwa kutafsiri, siyo kuuliza. Nikabaki nabadilisha mguu huu na ule, nikijua kazi imeshanitoka. Halafu akaitazama karte iliyokunjwa mkononi mwake, akaitandika upya, akauliza watu wanafanya nini kule kijitoni.

Tukazungumza mpaka jua likachoka. Kijito kikatolewa, kikabaki cha akina mama. Upande wa mlima wazee wakaacha kuwinda, kwa sharti kwamba kila wakati wa jua profesa arudi, akae nao njiani, waulizane kama pori lifunguliwe ao libaki. Kisha profesa akaomba naye apige fundo. Mujomba akalitazama sana.

"Fundo ya universite hii, hata panya ataifungula."

Akalifungua, akamwonyesha tena, wakalikaza pamoja.

Wewe sasa unasoma, mwanangu, na kesho utatumwa kupanga mapori ya watu. Wakikubali upesi, usikunje karte. Uliza neno hilo linaishia wapi, uulize pande zote mbili, hata wakikuita mtoto wa siafu. Mungu akunyime utulivu pale watu wanapoitikiana bila kuelewana, akupe usingizi mnono ukishauliza. Na kila njia utakayoifunga, uishi uifungue kwa mikono yako mwenyewe, mama zako wakipita na samaki.