Ugomvi wa Programu ya Pamba

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kumiminika Bariadi kugombea pamba, kampuni moja ilinipa kazi iliyonifanya nitembee barabarani nikicheka peke yangu: kuwaongoza waandishi wawili wa programu ya kompyuta ya kupokelea pamba ya wakulima. Nilikuwa kijana, na watu walichungulia dirishani kutuona tukiandika.

Mmoja alikuwa dada mzaliwa wa Lalago. Mwingine alikuwa kaka kutoka Dar es Salaam, mwepesi wa vidole na wa maneno. Dada aliandika sehemu ya kumtafuta mkulima: karani alitakiwa kujaza jina la mkulima, la baba yake na la kitongoji. Kaka aliona hilo litachelewesha foleni. Asubuhi moja dada aliwasha kompyuta akakuta limebaki jina tu, mengine yamefutwa. Hakupiga kelele. Aliacha tu kuongea naye. Meza zao zilikuwa zinagusana, lakini kila neno lilipitia kwangu: mwambie huyo, muulize huyo.

Niliwaita tukae. Kaka alisema anajali kasi, dada akasema kazi yake imeingiliwa. Wote walikuwa na hoja, na wote walitoka wamenuna zaidi. Basi nikawaambia tunapakia kompyuta na jenereta kwenye pikapu, twende tukaijaribu programu kituo cha kununulia pamba, Mwamapalala.

Tulikuta wakulima wamekalia magunia yao, wakitusubiri kama watu wanaosubiri ngoma ianze. Kaka akaketi, akasoma kwa sauti jina la kwanza kwenye orodha. Wakasimama wazee watatu wenye jina hilo. Akasoma la pili, wakasimama wawili, na mmoja akamlalamikia mwenzake kuwa ameruka zamu. Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama dada, nikihofia naye atamcheka. Alivuta kigoda akakaa kando yake.

"Ungeniuliza kabla ya kufuta," alimwambia taratibu.

"Kweli. Nisamehe, dada. Nilidhani jina linatosha."

"Na mimi maswali yangu yalikuwa yanachosha. Tuanze na jina. Wakitokea zaidi ya mmoja, ndipo iulize baba na kitongoji."

Kaka akaanza kuandika palepale, dada akimsomea mistari, mimi nimewashikia mwavuli ili jua lisipige kwenye kioo. Foleni ikasogea. Printa ilipotoa stakabadhi ya kwanza, mama mmoja aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama wino umeshakauka. Kwa furaha nikajikuta namsalimu kila aliyepita "mwangaluka", salamu ya asubuhi, na saa hizo ilikuwa alasiri.

Tuliporudi walikubaliana wenyewe kwamba hakuna atakayefuta kazi ya mwenzake kabla hawajakaa pamoja. Msimu ule tulizunguka na programu ile hadi Migato. Waliendelea kubishana karibu kila siku, kwa sauti, kwenye meza moja, nami nilipenda kuwasikiliza.