Siku Bega Liliponiuma

Nilikuwa mke wa muuza vitambaa hapa Kasongo, nimeolewa miaka mingi, na mimba haikushika. Nilikunywa mizizi ya kila namna. Mama mkwe alinipeleka hadi Kabambare kwa bibi mmoja aliyenichemshia magome machungu, nikatapika njia nzima ya kurudi. Majirani hawakunisema mbele yangu. Walinyamaza tu nikiingia.

Mume wangu ndiye aliyesikia kwamba daktari mpya wa hospitali, Mbelgiji, anaangalia kizazi cha mwanamke bila kumpasua. Mama mkwe akakataa.

"Wazungu wanajua kisu tu," alisema. "Watamupasua kama samaki."

Tulikwenda hivyo hivyo, mimi nyuma ya baiskeli, nikisoma kila dua niliyoijua.

Kisu sikukiona. Palikuwa na kitanda kirefu, mrija mwembamba, na chombo cha kupimia nguvu ya hewa, chenye mshale mdogo nyuma ya kioo. Masera, mtawa mzee aliyezungumza Kiswahili kama anayeimba, alinishika mkono.

"Mama," aliniambia, kwani wanawake wote aliwaita hivyo, "daktari atatia hewa kidogo ndani ya kizazi. Kama njia iko wazi, hewa itapita, itapanda juu. Ukikaa, bega itauma."

"Bega?"

"Bega. Ikiuma ni vizuri sana. Isipouma, njia imefungwa."

Nilimtazama nione kama ananichezea. Hewa iingie chini, maumivu yatokee begani!

Daktari akaanza. Tumbo lilinibana kama siku za mwezi. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama. Daktari akakunja uso, akaongeza hewa taratibu. Nikafumba macho. Mara nikasikia ndani yangu kitu kama povu linapopasuka juu ya maji, na masera akasema, "Aa! Umeshuka!" Mshale ulikuwa umeanguka; hewa imepata njia.

"Sasa kaa, mama."

Nikakaa. Nikavuta pumzi, na hapo bega la kulia likachomwa kama kwa sindano ya kushonea magunia.

"Inauma!" nilipiga kelele. "Masera, inauma! Inauma sana!"

Masera akapiga makofi. Daktari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu, alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu alisikia kelele zangu akatoroka. Waliobaki waliponiona natoka nikicheka, nimeshika bega, hawakujua wanipe pole au wapige vigelegele.

"Wamekufanya nini?" mume wangu aliuliza.

"Bega inaniuma, bwana!"

"Na unacheka?"

Nilipomweleza aliiachia baiskeli, ikaanguka majanini. Njiani kila shimo lilinichoma, na kila nilipochomwa nilicheka, naye akaanza kuyatafuta mashimo kwa makusudi. Tulipita sokoni tukipiga kengele kama walevi, sisi ambao hatujaonja pombe maishani.

Nyumbani mama mkwe alisikia neno "bega" tu, akaja mbio na mawese ya moto anikande.

"Usiguse, mama! Liache liume!"

Akamgeukia mwanawe. "Si nilisema? Wamemuharibu akili."

Mume wangu akamwelezea, mara mbili. Mama akakaa mkekani, akafikiri, kisha akauliza kwa makini, "Bega gani?"

"La kulia."

"Basi iko mutoto mwanaume!" Akajifunika uso kwa kitenge, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake maumivu yaliisha, nikayakosa. Miezi ikapita, mingine ya kukata tamaa. Halafu nikaanza kuchukia harufu ya samaki wakavu wa Nyangwe, na mama mkwe akajua kabla yangu.

Nilijifungua wakati wa mvua, mtoto wa kike, nywele tele. Mume wangu alifunga duka siku ya soko, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasimama barabarani amelowa, akiwagawia karanga watoto wote waliopita.