Sauti ya Gitaa la Elia

Enzi zetu, sisi tuliokua Sekei na kanda za kaseti, sauti ya gitaa ilitafutwa kwa mikono. Siku hizi vijana wanagusa kioo cha simu, wanachagua mngurumo wa roki nzito kama wanaochagua soda, kisha wanalalamika kwamba mtandao uko polepole.

Kaka yangu Elia alipigia kwaya ya vijana ya usharika wetu. Jumamosi baada ya mazoezi alikabidhiwa gitaa la umeme na amplifaya, vilale kwetu. Alikuwa na kaseti moja ya metali, ile roki nzito, nakala ya nakala, na alitaka gitaa la kanisa lingurume vilevile. Yeye alishika nyuzi, mimi nilizungusha vitufe. Besi juu, sauti ya kati chini kabisa, mkwaruzo hadi mwisho. Gitaa lilikuwa na pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Tulitumia ya nyuma, karibu na daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi.

"Rudisha kidogo," Elia aliniamuru. "Hapo. Usipumue."

Mama, akiponda jikoni ndizi za loshoro, chakula chetu cha ndizi na maziwa mgando, alisema kama ni mbuzi tummalize, asiteseke.

Elia tulimzika mwaka jana, juu kwa babu, kati ya migomba na kahawa. Mwezi uliopita mjane wake, Neema, aliniita kwake Kijenge. Alikuwa amevitoa gitaa na amplifaya ambavyo Elia alivinunua ukubwani, gitaa likiwa limefungwa nyuzi mpya na fundi. Elia hakuwahi kujirekodi hata mara moja. Neema aliniambia uso wake bado anauona, ila ile sauti ya gitaa lake imeanza kumtoka, na hilo linamtisha kuliko kaburi.

"Wifi, wewe ndiye uliyekuwa unazungusha. Irudishe."

Nikaweka kila kitufe mahali pake. Ikatoka sauti kali, nyembamba, ya mtu mwingine. Nikautafuta ule wimbo wa kaseti kwenye simu, nikaduwaa: unakwenda mbio, uko juu, si ule wetu.

Ndipo nikaelewa. Redio yetu ya kaseti ilikuwa ya betri tu, haina waya wa umeme, na betri zikichoka tulizianika juani, tukazirudisha. Kanda ilizunguka kwa uvivu, wimbo ukashuka, ukawa mzito kama kishindo cha mlima. Elia, bila kujua, alilegeza nyuzi zote amfikie mpigaji ambaye hakuwahi kupiga hivyo.

Nikazilegeza, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zikateleza chini ya kidole. Nikazigusa mara moja. Vioo vya dirisha vikatetemeka.

Neema alifumba macho. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Sasa piga, wifi."

Siwezi kupiga. Sikuwahi kujifunza, mpigaji alikuwa mmoja nyumbani kwetu, na tulidhani anatosha. Siku zile tulikuwa naye, tukahangaikia sauti. Sasa sauti tunayo, inavuma sebuleni Kijenge, na sisi wawili tumekaa tunaitazama.