Kikantoni cha Popo

Mwezi uliopita nilirudi Guangzhou kununua vitambaa vya duka langu la Mwanza. Nilikuwa natoka soko la Zhongda, nimesimama kwenye treni ya chini ya ardhi na mkoba nimeubana kwapani, kipaza sauti kikatangaza kituo kinachofuata. Kwanza kwa Kimandarini, lugha ya serikali na ya shule: Xiaobei. Halafu kwa Kikantoni, lugha ya mji wenyewe: Siu Bak. Ndugu yangu! Miaka mingi sijasikia mtu akilitamka jina la mtaa wangu namna ile. Kituo changu kilikuwa mbele zaidi, lakini nilishuka.

Mimi nimekulia pale. Nikiwaambia watu wa nyumbani hudhani natania. Mama alinipeleka nikiwa nabebwa mgongoni. Baba akabaki Mwanza kulinda duka, na baadaye akabaki na mke mwingine. Mama hakulia mbele yangu. Alipanga chumba ghorofa ya tatu, akawa anapokea mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu: nguo na viatu kutoka barabara ya Zhanxi, simu, taa, mawigi. Anahakiki, anafunga, anawapelekea wasafirishaji. Mpaka leo nikisikia utepe wa gundi ukivutwa juu ya boksi, krraa, macho yananiwia mazito, maana ndiyo sauti niliyolalia mchana.

Mama akienda masokoni, mimi niliachwa kwa bibi wa ghorofa ya chini. Popo, ndivyo Wakantoni wanavyomwita bibi mzaa mama, na jengo zima lilimwita hivyo. Alikuwa mfupi, nywele amezikata kama mwanamume, kandambili zikimtangulia kwa kelele kabla hujamwona. Alistaafu kutoka kiwanda cha nguo cha serikali, na mashine zilikuwa zimemharibu masikio, kwa hiyo hata akikunong'oneza, wa ghorofa ya nne walikuwa wanapata habari.

Jikoni kwake chungu kilikaa motoni tangu asubuhi: mifupa ya nguruwe, karanga, na mizizi ya yungiyungi yenye matundu kama kichwa cha bomba la bafuni. Kazi yangu ilikuwa kukata mikia ya choroko zilizochipua, beseni zima, mmoja mmoja. Nikikohoa tu, nilinyweshwa chai nyeusi ya majani ya dawa, chungu kiasi kwamba masikio yalitaka kunitoka. Siku za mapumziko alinichukua kwenye mkahawa wa wazee, tukala maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, akanifundisha kwamba ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, na hiyo ndiyo ahsante. Wazee walinikodolea macho. Popo akawauliza kwa sauti kama hawajawahi kuona mtoto akila.

"Unakula kwangu, unaongea kama mimi," aliniambia. Kimandarini alikijua kuliko alivyokiri. Alitazama tamthilia zake zote kwa lugha hiyo na kulia mahali pa kulia. Lakini kukiongea alikataa. Hicho cha kwenye televisheni, alisema, wacha kikae kwenye televisheni.

Shule ilikuwa jambo jingine. Shule za serikali zilitaka karatasi za ukazi ambazo hatukuwa nazo, hivyo nilisoma shule ya kulipia pamoja na watoto wa mafundi ujenzi na washonaji kutoka mikoa ya mbali. Wachina kama wenyeji, lakini mji huu uliwahesabu wageni karibu sawa na mimi. Ukutani paliandikwa kwa herufi nyekundu: Ongea Kimandarini, uwe mstaarabu. Mtoto aliyenaswa akiongea lugha nyingine alipunguziwa alama za tabia. Sasa fikiria kichekesho hiki: darasa zima hakuna aliyejua Kikantoni, lugha ya mji tuliokuwa ndani yake, isipokuwa mimi, Msukuma mwenye nywele za mabutu. Nikianguka, nilipiga kelele kwa Kikantoni. Nikikasirika, nilitukana kwa Kikantoni cha mtu aliyestaafu kiwandani.

Mwalimu akamwita mama. Mama alijua Kimandarini cha sokoni tu, bei na kukataa bei, kwa hiyo nilitafsiri mashtaka yangu mwenyewe.

"Anasema Kikantoni ni maneno ya mtaani," nilimwambia mama. "Anasema hakitanifikisha popote."

Mama alifikiri kidogo. "Mwambie nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi yako wa Magu anaongea Kisukuma, Popo anaongea cha kwake. Hiki cha mwalimu utakijua pia. Ila mwanangu hana lugha ya kutupa."

Nilitafsiri lote. Mwalimu, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alitabasamu kwa adabu na alama zangu akaziacha palepale chini.

Kuna majira huko ambapo upepo wa kusini huleta unyevu hadi kuta zinatoka jasho. Nguo hazikauki, vigae vinateleza kama vimepakwa mafuta. Katika majira hayo Popo alianguka kwenye ngazi. Wanawe mmoja alikuwa Shenzhen, mwingine Kanada. Mama aliacha mzigo umefungwa nusu, akamweka Popo mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama alivyokuwa akinifunga mimi, akamtoa hadi barabara kubwa kutafuta teksi. Mbili za kwanza zilimwona mama zikapita. Ya tatu aliizuia kwa kusimama katikati ya barabara.

Popo alirudi na fimbo na hasira zake zote. Na wakati nyonga yake bado inauma, ndipo watu wa ofisi ya mtaa walipoanza kupita jengo kwa jengo. Mtaa unasafishwa, walisema. Jengo la jirani lilikuwa limeshaondolewa Waafrika wote. Dada Mkongo aliyekuwa akitusuka nywele tulimkuta kando ya barabara amekalia kiti chake cha saluni, kioo amekiegemeza kwenye mti.

Zamu yetu ikafika. Wapangaji wote waliitwa uani mchana. Afisa alikuwa kijana wa kaskazini, kitambaa chekundu cha kazi amekifunga mkononi, jasho likimtiririka. Alisoma kwamba wenye nyumba wasipangishe tena watu kutoka nje ya nchi, na waliopo waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mama alisimama ukutani kabisa. Karatasi zake zote zilikuwa halali, lakini nilimwona anavyonishika bega, kama tuko kwenye maji mengi.

Popo alikuwa kwenye kigoda chake. Akaanza kuongea, kwa Kikantoni.

"Bibi, tafadhali, Kimandarini," alisema afisa. "Sielewi."

Popo akaendelea kana kwamba nzi amepita.

"Nani atanitafsiria?" afisa akauliza. Ua mzima ulijaa wazee waliozaliwa mtaa ule. Waliokuwa wakicheza mahjong, mchezo wa vipande kama dhumna, waliangalia juu. Muuza magazeti akapata kazi kwenye kifungo cha shati lake. Nikanyoosha mkono, kama darasani.

"Kaa kimya, mwanangu," mama alinong'ona kwa Kiswahili. Lakini mkono ulikuwa umeshanyooka.

"Anasema aliteleza kwenye ngazi zile," nilisema kwa Kimandarini cha shule, safi, kile kile walichonifundisha. "Anasema wanawe wako mbali, na ofisi yenu iko pale kwenye kona, lakini aliyembeba mgongoni ni mama huyu. Anaomba umsomee, kwenye hiyo karatasi, mahali palipoandikwa kuhusu jambo hilo."

Afisa aliitazama karatasi, nadhani kwa kweli alitafuta.

Popo akaongeza neno. Nikasita.

"Amesema nini?"

"Amesema unywe maji, jua ni kali."

Ua ulilipuka kwa kicheko, maana si hilo alilosema.

Afisa, masikio mekundu, akamgeukia mwenye nyumba, akamuuliza kama atatutoa. Huyu alikuwa mpwa wa Popo, mtu mwoga, aliyezoea kuomba radhi hata kwa kufungua mlango. Popo hakumtazama.

"Shangazi ameshasema," akajibu hatimaye. Kwa Kikantoni. Nikatafsiri hilo pia.

Sitakudanganya kwamba tuliushinda mji. Walirudi tena na tena, mpwa akapigwa faini, na mimi nikawa naitwa chini kutafsiri huku mdomo umejaa wali. Lakini tulikaa mpaka nikamaliza shule ya msingi. Na kesho yake ya ile siku ya kwanza, mwalimu alipoita jina langu kwenye mahudhurio, niliitika kwa Kikantoni. Alinyanyua macho. Akaandika kitu, akaendelea. Keshokutwa yake nikaitika hivyo hivyo.

Tuliondoka mama aliponyimwa viza mpya. Popo alifariki tukiwa Mwanza. Mpwa alitutumia ujumbe wa sauti, na mama aliusikiliza amesimama, akajifunga kitenge kiunoni kama anayejiandaa kumbeba mtu.

Jengo bado lipo. Limepakwa rangi, ua umefunikwa vioo, na palipokuwa na jiko la Popo wanauza chai baridi ya maziwa. Wazee wa mahjong hawapo. Waafrika wapo wachache, wanatembea haraka. Hakuna aliyekuja siku moja kuifuta lugha ile kwa fagio. Walianza na watoto, kwa alama za tabia, na wajukuu wakakua wakiwajibu bibi zao kwa lugha ya televisheni.

Niliingia. Msichana wa kaunta alikuwa na umri wa mwanafunzi. Nikaagiza kwa Kikantoni. Akashtuka, akaniangalia uso, kisha mdomo.

"Nakuelewa," alisema kwa Kimandarini, taratibu. "Nyumbani bibi anaongea hivyo. Ila mimi kuongea siwezi."

"Unaweza," nilimwambia, kwa Kikantoni. "Sema nyuma yangu."

Foleni ikaanza kuguna. Mtu akakohoa, mwingine akauliza tatizo ni nini. Msichana akacheka kwa aibu, akafungua mdomo, akaufunga.

Sikusogea.