Mikanda Miwili ya Miguu

Mimi ni mtu wa kugonga vitu. Gunia la ndakala likiletwa mbele yangu pwani ya Baraka, sitazami samaki wa juu. Naingiza mkono hadi kwapani, natoa wa chini kabisa, nanusa. Mtumbwi ukiletwa kuuzwa, naugonga kwa vifundo vya vidole kutoka mbele hadi nyuma, na mwenye mtumbwi huanza kutoka jasho kabla sijafika katikati. Wanasema nina mashaka mengi. Ndiyo, ninayo. Nina mitumbwi miwili ya moteri inayovuka kwenda Ubwari kila juma na haujazama hata mmoja, basi waseme.

Kwa hiyo mdogo wangu, mwanamke mzima, muuguzi, aliporudi kutoka masomoni Bujumbura akaniambia mimi yaya wake, dada yake mkubwa, kwamba amejifunza kusimama juu ya ubao unaoruka juu ya ziwa, nilimuuliza kwanza ni nani aliyemdanganya.

"Hakuna mwenye alinidanganya, yaya. Unashika bawa ya kitambaa mu mikono, upepo unakuvuta. Chini ya ubao kuko chuma iko na mabawa. Ukipata mbio, ubao unatoka mu maji, chuma njo inabakia ndani."

"Na wewe unabakia wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Baba yetu alikuwa mvuvi. Kamba ya wavu ilimshika kifundo cha mguu wakati wavu unashuka, ikaenda naye. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa na umri wa kuelewa. Mama naye hakukaa sana baada ya hapo, na mtoto akabaki mikononi mwangu. Tangu siku ile, nyumbani kwetu hakuna anayeingia majini na kitu mguuni: si uzi, si bangili, si kiatu cha kufunga. Na kwenye mitumbwi yetu, kabla ya kusukuma, aliye mbele huuliza, "Miguu?" Kila mtu hutazama chini, kisha hujibu, "Iko huru." Mmoja asipojibu, hatuondoki. Abiria wageni hutuona wajinga, na mimi huwaacha watuone hivyo.

Basi tulikwenda Uvira, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vilivyoachwa na wageni waliorudi kwao. Nilimfuata mdogo wangu ili nimzuie. Nilipoona hazuiliki, nikaamua kwamba kama atakufa, hatakufa kwa ubao mbovu.

Mzee alitutandikia mbao tatu uani. Kila moja imeandikwa lita zake. Nikamuuliza lita za nini, kwani hii ni bidoni ya mafuta? Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto, kwamba ni ukubwa wa tumbo la ubao, na kadiri lita zinavyozidi ndivyo ubao unavyoelea na mtu mzito au asiye mzoefu. Niliona mara moja kwamba anataka kutuuzia ule mkubwa kwa sababu haununuliki. Mdogo wangu akaniambia kwa kunong'ona kwamba ni kweli, hata Bujumbura waliwaambia hivyo. Nikamwambia wauzaji wote walisoma shule moja.

Nikaanza kugonga. Ubao wa kwanza ulikuwa mdogo, mwembamba, unalia vizuri lakini haukumfaa. Wa pili ulikuwa mzuri wa macho, rangi ya machungwa, na mdogo wangu alikwisha kuupenda. Nilipofika karibu na mkia, sauti ikabadilika. Nikagonga tena. Pale palikuwa pazito, kama mtumbwi uliolewa maji.

"Huyu amekunywa," nikasema.

Mzee akaapa. Nikamwomba ausimamishe, na baada ya muda kidogo tone la maji likatoka kwenye ufa mwembamba chini, likafuatwa na jingine. Sitaficha, nilisikia raha hadi kwenye meno.

Tukachukua wa tatu, mpana, uliochakaa rangi, mzima. Kwenye vyuma nilimkamata tena. Mlingoti mrefu aliotaka kutuuzia, ile nguzo ya chuma inayoshuka chini ya ubao, ulikuwa na visi, zile skrubu za kukazia, zilizoliwa na kutu zisizotoka hata kwa nyundo, na ziwa letu upande huu lina mchanga wa kina kifupi, mlingoti mrefu ungegonga chini. Mdogo wangu akachagua mfupi, na bawa kubwa la chuma la mbele, kwa sababu kubwa hunyanyuka taratibu hata kwa mbio ndogo. Kamba ya ubao ilikuwa ya kufunga kiunoni, yenye mpira wa kuvuta ili ifunguke. Niliuvuta mara kumi, ikafunguka mara kumi. Hiyo niliikubali.

Halafu mdogo wangu akataka mikanda. Miwili, ya kushikilia miguu juu ya ubao.

Nikasema hapana. Nilisema hapana mbele ya mzee na mbele ya majirani zake waliokuja kutazama. Mdogo wangu akanitazama akasema, taratibu, "Yaya, baba alikufa na kamba. Huu ni mukanda. Bila mukanda, wimbi likinitupa, ubao unaenda pale, mi pale, na chuma kati yetu."

Mzee akaingilia. Akaingiza mguu wake mwenyewe akatuonyesha. "Mama, vidole bionekane kidogo tu upande ya pili. Mukanda ikilegea sana, mguu inapita yote, kisha hairudie. Usifungue sana."

Nilimwangalia huyu mtu aliyetaka kuniuzia ubao uliokunywa maji na visi zilizooza, eti sasa ananifundisha miguu. Nikajisemea, mwongo hasemi kweli mara ya tatu. Lakini mdogo wangu akalipa kwa pesa zake, tukaondoka na mikanda.

Baada ya siku mbili, mdogo wangu akiwa kazini hospitali, nilichukua turnevisi, bisibisi yangu ya moteri. Mikanda ilifungwa kwa visi kwenye matundu, na ndani ilikuwa na kile kitambaa cha kunata kama cha sandali za watoto. Nilihamisha visi hadi tundu la mwisho. Nikalegeza kinachonata hadi mwisho. Nikaingiza mguu wangu ukiwa na sandali, ukapita, ukatoka, ukapita, ukatoka. Ulitoka kirahisi kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, sipigwi na kitu chochote. Nilifurahi sana. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Uvira.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kiangazi, upepo wa kusini unavuma, milima ya Ubwari inaonekana ng'ambo. Niliandaa kila kitu kwa mikono yangu, kama ninavyoandaa mitumbwi. Nilimfuata na mtumbwi mmoja, mwendesha moteri nyuma, mimi mbele.

"Miguu?" nikamwita.

"Iko huru," akajibu papo hapo, bila kutazama chini. Mimi ndiye niliyeandaa, atazame nini?

Alianguka mara nyingi. Kisha akanyanyuka. Ubao uliacha maji kabisa, na sauti ya mawimbi chini yake ikakatika. Akapita mbele yetu akiwa ameinamia bawa, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, na akaniita yaya kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nililia. Mwendesha moteri atathibitisha.

Alipoingiza mguu wa nyuma kwenye mkanda, wimbi likampiga ubavuni. Ubao ukageuka juu chini, chuma kikatazama mbingu. Nilingoja kichwa. Nikaona mkono, ukavuta mpira wa kiunoni, kamba ikafunguka kama nilivyoijaribu. Kichwa hakikuja. Mguu ulikuwa umepita wote ndani ya mkanda, hadi juu ya kifundo, na kisigino hakikukubali kurudi.

Sijui niliingiaje majini. Ninacho kisu cha nyavu, siku zote kipo kiunoni. Nilikata mkanda, na nilipokuwa nakata nilijua vizuri kabisa ninakata nini. Akaja juu akikohoa. Mguu ulikuwa umevunjika.

Ndani ya mtumbwi, meno yanagongana, aliniambia, "Yule mubaba wa Uvira. Alituuzia mikanda mibovu."

"Ni mwongo yule," nikasema.

Nikalisema tena nyumbani. Majirani walipoleta uji wakasema watu wa Uvira ndivyo walivyo, nikasema ndivyo walivyo. Siku nzima nilikuwa nakubali. Kila nilipomwangalia amelaza ule mguu uliofungwa plasta, niliona kifundo kilekile cha baba, nikatoka nje kutafuta kazi ya kufanya. Nilikuwa na hasira na yule mzee kwa sababu alisema kweli.

Juma la pili alishika simu yake akaanza kumwandikia mzee ujumbe, akausoma kwa sauti ili nimsaidie maneno makali. "Ulitaka kuniua," ulianza.

Nikamwambia aiweke simu chini. Nikamweleza turnevisi, tundu la mwisho, sandali. Nikamwambia mzee alituonya na mimi sikumsadiki.

Nilitaka anitukane.

"Nilisikia mukanda umelegea," akasema. "Nikasema, yaya njo alitengeneza. Nikaendelea."

Akafuta ujumbe. Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Alipoanza kutembea vizuri alikwenda Uvira peke yake, akarudi na mikanda mipya.

Kiangazi kilichofuata tulirudi majini. Asubuhi nilikaza visi mbele ya macho yake, nikamwambia aweke mguu, nikapima vidole vitokeze kidogo tu, kama mzee alivyosema. Alasiri akasimama kwenye maji ya magotini, bawa mkononi, mimi mbele ya mtumbwi.

"Miguu?"

Hakujibu. Aliweka bawa juu ya maji, akainama. Akashika visi ya kwanza niliyoikaza, akaijaribu kwa kidole gumba. Akashika ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akavuta kila mkanda kwa nguvu. Mwendesha moteri alitazama pembeni. Mimi nilisimama nikamngojea amalize.

"Iko huru," akasema.