Nusu Gunia kwa Ajili ya Gitaa

Nilipukuchua nusu gunia la mahindi ili nijue kupiga gitaa, tena kwa mkono usiohusika.

Juzi, mjini Kasulu, nilimwona binti akipukuchua mahindi kibarazani. Harufu ya magunzi makavu ikanirudisha kwetu Kibondo, kwenye wiki niliyotaka kuacha gitaa. Mwalimu wa kwaya alikuwa amenifundisha kubana nyuzi ili zitoe do, mi na so kwa pamoja. Zangu zilikoroma tu, na vidole viliniwaka moto.

“Vidole vyako bado laini,” alisema. “Visipokomaa hadi Jumapili, gitaa nampa Ezekieli.”

Ezekieli, mtoto wa jirani, alikuwa dirishani akinicheka.

Nyumbani nilimuuliza mama vidole hukomazwaje. Hakufikiri hata kidogo.

“Mahindi yale pale, mwanangu.”

Nilipukuchua kutwa nzima nikiimba do-mi-so kwa kila gunzi, nikiamini muziki unaingia kupitia dole gumba. Jioni mwalimu alipopita kwetu, nilimwonyesha kwa fahari malengelenge ya mkono wangu wa kulia.

“We mtoto! Nyuzi unabana kwa mkono wa kushoto!”

Alicheka hadi akaegemea mlango, kisha akaniongezea wiki moja.

Leo najua vidole hukomazwa na nyuzi zenyewe. Nisichojua ni kwa nini mwalimu aliondoka kwetu jioni ile na debe la mahindi kichwani. Kila nikimuuliza mama, huniuliza kama nimeshakula.